Chumvi ya Mbah Tumirah

Ukimwuliza Atin ni lini mama yake alianza kuzeeka, hatakutajia mvi wala magoti. Atakwambia ni siku ile ya mchuzi wa maboga. Giman, mumewe Atin, alitia kijiko cha kwanza kinywani, akaacha kutafuna, akatazama darini kama mtu aliyesahau jina la mkwewe. Kisha akameza. Akanywa bilauri ya maji, akajimiminia nyingine.

"Kitamu, Mama," alisema, na sauti ilikuwa imemkauka.

Atin naye akaonja. Lahaula! Chumvi tupu. Alimtazama mama yake upande wa pili wa meza: Mbah Tumirah alikuwa anakula polepole, ametulia, na mchuzi wake anauona sawasawa.

Sasa, huyu si mama wa kuambiwa tu hivi hivi kwamba mchuzi una chumvi. Mbah ni heshima yetu kwa kila mzee, awe mke awe mume, lakini Tumirah aliipata kabla hajawa na mjukuu hata mmoja, kwa ajili ya mwiko wake. Hapa Sumberjati mwenye shughuli hapiki peke yake. Siku tatu kabla ya harusi wanawake wote wa kitongoji huhamia uani kwake na visu vyao, wanaume wanapasua kuni na mafenesi, na juu ya wote anasimama mwanamke mmoja anayeamua. Mwanamke huyo ni Tumirah tangu Atin yuko shule ya msingi. Amewahi kumfukuza jikoni shangazi wa bibi harusi kwa kuliacha tui likatike. Siku aliyozikwa mumewe aliwaacha waombolezaji sebuleni, akaenda uani kwa sababu alisikia harufu ya wali unaungua. "Marehemu hakupenda ukoko," alisema, akawanyang'anya mwiko.

Nani basi atamwambia? Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu, na dawa yake haijapatikana: mkubwa akitulisha jiwe, tutalitafuna na kuomba la pili. Na tuna ujinga mwingine tuliorithi kwa bibi zetu, kwamba chakula kikizidi chumvi, basi aliyekipika anataka kuolewa. Tunawatania hivyo wasichana mpaka wanakimbia jikoni. Kwa bibi wa miaka sabini na mbili hakuna aliyewahi kuthubutu.

Mpaka Alhamisi moja kwenye kisomo cha wanawake. Mbah Tumirah alileta sufuria la mboga za tui. Wanawake wakapakua, wakaonja, wakaangaliana. Mbah alipotoka kwenda kunawa, Bi Jumilah, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliinamia mwenzake.

"Jamani. Mbah anataka mume."

"Weee! Koma!"

"Onja tena basi. Hiyo si chumvi ya mtu anayetaka kulala peke yake."

Walicheka mpaka shungi zikaanguka. Asubuhi yake habari ilikuwa imefika dukani, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kwenye bomba la msikitini.

Atin alisikia akafa kwa aibu, lakini alijua nyumbani kwake hakuna habari ya mume. Alimpeleka mama yake kliniki ya wazee, akabaki nyuma kuongea na muuguzi.

"Presha imepanda," muuguzi alisema. "Na ulimi nao huzeeka, dada, kama macho. Chumvi haisikii, kwa hiyo anaongeza. Mwambie."

"Mimi?"

"Mimi nimeshamwambia apunguze. Kanijibu hatii nyingi."

Atin akaona bora ujanja. Akaificha chumvi, mama akaagiza pakiti nyingine, kubwa kuliko ile. Akawa anavizia mama akigeuka anamwaga tui tupu chunguni. Mama akaonja, akakunja uso. "Leo kuna nini? Mchuzi umepooza." Akaongeza chumvi juu ya chumvi, na siku hiyo Giman alikunywa maji mpaka akashindwa kuinama kusali.

Hapo ndipo alipotokea Mbah Darmo.

Mbah Darmo ni mjane, mlinzi mstaafu wa kivuko cha reli, anaishi kwa bintiye nyuma ya msikiti. Alikuja jioni, nywele amezipaka rangi nyeusi, na haraka aliyokuwa nayo imemfanya apake na masikio. Mkononi alishika chane la ndizi. Mbah Tumirah, mtu wa adabu, akamkaribisha mezani. Atin akafumba macho kwa kumwonea huruma mgeni.

Mgeni alikula sahani ya kwanza. Akaomba ya pili.

"Dada Tum," alisema, akijifuta mchuzi midomoni, "tangu mke wangu afariki sijala chakula chenye ladha. Kwa binti yangu napewa maji ya kuoshea mchele. Hapa leo nimekula."

"Kula, Kaka Darmo, kula. Watu wa siku hizi hawajui kuunga."

Atin aliwatazama wale wazee wawili, kila mmoja na ulimi wake uliochoka, wanafurahia sumu ile kama watoto, na alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kesho yake Darmo akaja tena na ndizi. Kesho kutwa, ndizi. Zilijaa mezani, zikajaa juu ya kabati, Giman akawa anazigawa kwa mbuzi.

"Hivi shamba la Kaka Darmo limepatwa na nini?" Mbah Tumirah aliuliza. "Mbona anahamisha migomba?"

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, watu wacheke, mbuzi wanenepe, kama isingekuwa harusi ya binti wa Bi Sulastri. Bi Sulastri alimvizia Atin dukani, akamvuta pembeni.

"Wageni mia tano, Atin. Na wakwe ni watu wa mjini Solo, unawajua kwa maneno. Nampenda Mbah kama mama yangu, lakini... tufanye hivi. Yeye akae mbele, avae batiki nzuri, apokee wageni. Jikoni nitamweka mwingine. Wewe mwandae tu, taratibu."

"Nimwambie nini?"

"Wewe si mwanawe? Utajua."

Atin alirudi nyumbani amekasirika. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba Bi Sulastri alikuwa na haki. Sufuria moja la chumvi mbele ya watu wa Solo, na jina alilolijenga mama kwa moshi na jasho lingekwisha kwa mlo mmoja. Lakini kumkalisha mama kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, huku mwanamke mwingine ameshika mwiko wake, ilikuwa ni kumzika na batiki yake nzuri. Alimjua mama yake. Asingemaliza mwaka.

Jumamosi, kaka yake Atin akaingia kutoka mjini Semarang kwa pikipiki, hajaalikwa. Bagyo anauza matairi, ni mtu mzima mwenye kitambi, na habari za mama zilikuwa zimemfikia huko huko. Aliwakusanya wote mezani. Kama ilivyo desturi yetu, alianzia mbali: mvua, bei ya matairi, wema wa marehemu baba. Akafuta jasho. Akafuta na machozi.

"Kwa hiyo, Mama," alisema, "nimewaza sana njiani. Mtoto hana haki ya kumfungia mzazi furaha yake. Mimi nakuruhusu."

"Unaniruhusu nini?"

"Kuolewa."

Mbah Tumirah alimtazama mwanawe. Akamtazama Giman, Giman akatazama ndizi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza isimtoroke.

"Nani anaolewa? Yarabi! Na magoti haya?"

"Mama, kitongoji kizima kinajua. Mpaka Semarang wanajua."

"Wamejuaje kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui? Ushahidi gani?"

Ilimpitia Atin akilini kwamba angeweza kunyamaza tena, amwachie Bagyo aaibike, na harusi ije na lolote. Akamwona mama yake amekaa anangoja, bado ana kicheko usoni.

"Chumvi, Mama," alisema. "Chakula chako kimezidi chumvi. Siku nyingi sasa. Watu wanadhani unataka mume. Si mume. Ni ulimi. Muuguzi anasema ulimi huzeeka, hausikii tena."

Mbah Tumirah alivuta bakuli la mchuzi. Akaonja. Akaonja tena, akauzungusha mdomoni, akafumba macho akiutafuta.

"Mimi sisikii kitu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Atin hakuwahi kuisikia kwake. Bagyo akaanza kulia upya, safari hii kwa kweli.

"Nani mwingine anajua habari ya ulimi?" mama aliuliza.

"Muuguzi tu. Wengine wote wanadhani ni mume."

Mama akakaa vizuri kitini.

"Alhamdulillahi."

"Mama?"

"Waache wadhani hivyo hivyo. Mwanamke anayetaka mume bado yumo duniani. Mpishi asiye na ulimi ni wa kukalishwa mbele na kufukuziwa nzi." Halafu hasira ikampanda, na wote wakashukuru kuiona. "Na nyinyi! Siku zote hizi mnameza tu! Kitamu Mama, kitamu Mama! Kumwambia mtu kweli kuna ugumu gani? Unafungua mdomo, unasema, basi! Nimezaa watu au nimezaa vinyago?"

Siku ya kwanza ya mapishi alifika uani kwa Bi Sulastri kabla ya kuni, Atin nyuma yake. Bi Sulastri akatoka mbio na batiki mpya mikononi.

"Mbah, mbele kuna kiti chako..."

"Kikalie wewe, mama wa bibi harusi. Utachoka kusimama. Kuku wako wapi?"

Akajipangia masufuria. Wanawake wote wakawa wanakata vitunguu huku macho yako mikononi mwake. Alipotia chumvi kwenye kuku wa tui, hata visu vilinyamaza. Akakoroga, akachota kwa upawa, na badala ya kujidondoshea mwenyewe kiganjani kama wapishi wetu wote, akaushika mkono wa Atin, akaufungua, akadondosha humo.

"Onja," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Lazima na wewe ujifunze. Nikifa hawa watakula nini?"

Atin akalamba. Maishani mwake hakuwahi kumwambia mama yake kwamba chungu kimepungukiwa.

"Bado kidogo, Mama."

Bi Jumilah akajikata kidole. Mbah Tumirah akachota chumvi mkono mzima, kama alivyozoea, mkono ukaenda juu ya sufuria, na Atin akaudaka hewani.

"Nusu yake, Mama."

Walitazamana, mvuke katikati yao. Uso wa mama ulikuwa mkali na macho yalikuwa yamelowa, tuseme ni vitunguu. Akarudisha nusu kwenye kopo.

Siku ya harusi watu wa Solo walikula, wakarudia, wakauliza nani mpishi. "Nani tena kama si Mbah wetu," alijibu Bi Sulastri bila hata kuona haya. Jikoni, Bi Jumilah alionja mara tatu na kidole chake chenye plasta.

"Mbona chumvi iko sawa?" alinong'ona kwa masikitiko. "Ameghairi?"

Na huko nje, chini ya turubai, Mbah Darmo katika kofia yake nyeusi mpya alitia kijiko mdomoni, akangoja. Akatia cha pili. Akakiweka kijiko chini. Naye ni mtu wa hapa hapa, ule usemi wa chumvi anaujua tangu hajaota ndevu. Akakaa anaitazama sahani, mabega yameshuka, watu pande zote wanavunja mifupa kwa utamu.

Mbah Tumirah alimwona kutoka mlango wa jikoni.

"Kaka Darmo hali chakula. Anaumwa?"

"Ulimi wake ni kama wako, Mama," alisema Atin. "Kwake leo hakuna chumvi. Anadhani umemkataa."

Mama akamtazama tena yule mzee.

"Nenda kamwambie basi," Atin akaendelea, na ladha kidogo ya kulipiza kisasi ikamgusa moyoni. "Kuna ugumu gani? Mwambie ni uzee."

Mbah Tumirah akafuta mikono, akanyoosha shungi, akaenda. Atin alimtazama akipita kati ya meza, mgongo umenyooka, mtu aliyekwenda kusema kweli. Akamwona anamwinamia mzee. Mzee akainua uso, na hata kutoka mlangoni Atin aliyaona machozi. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, akasema kitu kifupi. Mbah Darmo akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka, akakamata kijiko, akaanza kula kwa mikono miwili.

Mama akarudi haraka, akauchukua upawa, akaanza kukoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini, Mama?"

"Ningemwambiaje, Atin? Mzee wa watu, analia mbele ya watu mia tano." Aliendelea kukoroga. "Nimemwambia nimekubali."