Ndala ya Mama Mdogo

Wiki iliyopita niliingia nyumba ya wageni pale Ikwiriri kusubiri basi, na kwenye runinga ya ukumbini nikakuta tamthilia niliyoiona mara ya mwisho nikiwa darasa la tano. Ni ile ya polisi wanaomsaka mtu aliyekuwa akiua wanawake, mmoja baada ya mwingine, katika mji fulani huko ng'ambo. Maandishi ya mwanzo yalikuwa yaleyale: kisa hiki kilitokea kweli. Nikaagiza chai. Basi likapita nimekaa tu.

Wewe uliyekulia kijijini utanielewa. Kwetu Mahege runinga niliyoijua mimi ilikuwa moja, ya nesi wa zahanati, mama wa bara aliyehamishiwa kwetu akaja na sola yake. Jumamosi baada ya adhuhuri alitandika mkeka barazani, akaigeuza runinga itazame nje, nasi tukabanana pale tukitafuna mihogo ya kukaanga. Jamaa mmoja wa sauti nzito, aliyerekodiwa humohumo kwenye tamthilia, ndiye aliyetafsiri maneno ya watu wote, wanaume kwa wanawake, hata ya anayelia. Muuaji alikuwa mpole, ana pikapu, anawapa wanawake lifti, na kwa kila aliyemuua alijiwekea kitu kimoja cha marehemu. Bibi yangu hakuja kuangalia. Alisema, "Watu wamekufa kweli, halafu nyie mnatafuna mihogo."

Ulikuwa msimu wa ufuta. Tulikung'uta matita juu ya turubai, punje zikidondoka kwa sauti ya manyunyu, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye nguo. Kila msimu alikuja mnunuzi kutoka bara na mizani yake na pikapu nyeupe, mtu mrefu, mkimya. Watoto tulinong'ona kwamba anafanana na yule wa kwenye runinga. Hawakufanana hata kidogo, ila hiyo pikapu.

Ijumaa moja asubuhi mama mdogo, aliyenilea pamoja na bibi, alipanda pikapu hiyo kwenda Ikwiriri kutafuta magunia. Alisema alasiri atakuwa amerudi. Hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani. Bibi alimwekea wali akaufunika kwa kawa. Kulipokucha wali ulikuwa bado umefunikwa.

Mchana wa Jumamosi tuko barazani kwa nesi, pikapu ikaingia. Mnunuzi alikuwa peke yake. Niliinuka nikaenda kuchungulia. Chini ya kiti cha abiria ilikuwepo ndala moja nyekundu ya mama mdogo, kamba yake imeshonwa kwa uzi mweupe. Uzi huo nilimtungia mimi kwenye sindano.

"Ndiye," nikawaambia vijana waliokuwa wakipanga magunia. "Amemuua mama mdogo."

Mpaka leo nashangaa walivyoniamini upesi. Mmoja alichomoa funguo za gari, wengine wakaja na mipini ya majembe. Mnunuzi kila akifungua mdomo anasukumwa. "Namtafuta mama yake," alirudia. "Nionyesheni nyumba ya mama yake." Maneno hayo yalinitia hofu zaidi.

Nesi alipenya katikati yao akasimama mbele ya yule bwana, kisha akaniita.

"Umeona nini kwa macho yako?"

"Ndala."

"Na nini tena?"

"Ndala tu, mama."

Akamgeukia mnunuzi. "Na wewe, mkono umefanya nini?"

Ndipo nikaona pamba na plasta kwenye kiwiko chake. Ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyekuwa ameitazama.

"Nimetoa damu hospitali ya Mchukwi," alisema. "Dada yule alishikwa na tumbo njiani, akazimia, nikamkimbiza huko. Walimpasua jana jioni. Simu yake imezima, na mimi namba ya kwao sina. Nimesubiri azinduke ndipo nije kusema."

"Muongo huyo," kijana mmoja akasema.

Nesi akatoa simu yake. Alimpigia mwenzake anayefanya kazi kule, akaweka sauti kubwa. Tukasubiri, huku runinga ikiendelea kuongea peke yake barazani. Kisha ikaja sauti nyembamba, kavu, ya mama mdogo. "Mama yupo hapo? Mwambieni niko hai. Na mtoto aniletee kanga mbili."

Bibi, aliyekuwa amefika akihema, alikaa mchangani palepale akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kwa sauti ya chini. Nami nikakaa kando yake. Aliyechomoa funguo alizirudisha kwa mikono miwili, macho chini.

Siku ileile bibi alimpikia mnunuzi kambale wa nazi, nami nikatumwa kumnawisha mikono. Nikamwomba radhi. "Umemtetea mama yako mdogo, si vibaya," aliniambia. "Ila siku nyingine niulize kwanza. Mimi naongea."

Jumamosi iliyofuata bibi alikuja barazani kwa mara ya kwanza. Aliangalia mpaka muuaji akakamatwa, sisi tukapiga makofi. Yeye hakupiga. "Na mama za waliouawa?" alimuuliza nesi. "Wao walisikia sauti ya nani?" Nesi akazima runinga.

Bibi ametangulia. Nesi alihamishwa, na baraza lake limezungushiwa ukuta. Siku hizi watoto wanaangalia kwenye simu, kila mmoja na yake, na akiogopa anaogopa peke yake. Mnunuzi naye aliacha kuja, na linaloniuma ni kwamba sura yake imenipotea. Nikijaribu kuikumbuka, inanijia ya yule mwigizaji.

Tamthilia ilipokwisha nilimpigia mama mdogo, yuko Kibiti sasa. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nilitaka tu kusikia anaitika.

"Haya, nimeitika," akasema. "Niache sasa nigeuze maandazi yangu."