Mhandisi Bonuccelli na Fundi

Asubuhi ile ya Julai 1963, boti za mbio zilizotoka Viareggio, pwani ya Italia, kwenda hadi kisiwa cha Capraia na kurudi zilikuwa kumi na moja, kila moja na watu wawili ndani. Hao ni watu ishirini na wawili. Ukikaa wiki moja tu katika baa ya Loriana, upande wa Darsena ambako boti huundwa, utakutana na arobaini na saba waliokuwemo.

Ardelio Giusfredi alikuwa mmoja wa hao arobaini na saba. Tofauti yake na wengi wao ni kwamba yeye alikuwemo kweli, na jambo hilo halikuwahi kumsaidia.

"Ardelio, leo mawimbi yalifika mita ngapi?" wangemwuliza mezani, karata mkononi.

"Mita moja na nusu."

"Wiki jana yalikuwa moja na nusu hiyohiyo. Yako hayakui?"

"Mzee Ardelio hajui kusimulia," Loriana angesema akifuta kaunta. "Tito hapa alikuwa na umri wa miaka minane mwaka ule, na mawimbi yake yanafika mita sita."

Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake. Baba yake alikuwa mpiga kalafati, mtu wa kuziba nyufa za mbao kwa pamba na lami, na kazi hiyo hailei wasemaji. Ardelio aliingia karakanani akiwa na miaka kumi na mitatu. Alipofika ishirini na minane ndiye aliyejua kuichukua injini ya lori la Kimarekani na kuifanya ikubali maji ya chumvi. Kwa hiyo Mhandisi Bonuccelli wa Lucca, mwenye kiwanda cha karatasi na shauku ya kufa maji, aliponunua boti ya mbio, alimnunua na Ardelio, kwa namna ya kusema.

Siku hizi madereva hufungwa mikanda ndani ya kibanda kama marubani. Wakati ule walisimama. Walisimama saa nne, magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea ubao uliovikwa sponji, na kila wimbi liliwapiga nyayoni kama mwalimu wa zamani. Dereva alitazama mbele. Fundi alitazama geji za injini, akashika dira, akasukuma pampu, akatapika upande usio na upepo. Hawakuzungumza, kwa sababu injini mbili zilikuwa zikizungumza. Ardelio alirudi nchi kavu akiwa mfupi kwa sentimita mbili na kiziwi wa sikio la kushoto, na alikuwa na furaha ambayo hakuipata tena, hata siku ya harusi yake, ambayo kwa maelezo ya mkewe mwenyewe, marehemu Norina, ilikuwa siku nzuri.

Walishika nafasi ya kwanza. Kwenye daftari la klabu ya boti mwandishi aliandika: *Mhandisi Bonuccelli na fundi.* Wa pili: *Wakili Matteoni na fundi.* Ndivyo ilivyoandikwa hadi mwisho wa ukurasa. Siku zile mafundi walikuwa kama nanga: kila boti ilikuwa nayo, na hakuna aliyeuliza jina lake.

Mwaka 2014 klabu iliamua kutundika bamba la shaba lenye majina ya wote waliomaliza mbio zile, na safari hii mafundi nao waandikwe. Ardelio alikuwa na miaka sabini na tisa. Norina alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mtoto wao wa kiume alikuwa Rotterdam, akipiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba amekula. Mhandisi alikuwa kaburini tangu 1988, na kombe la ushindi liliuzwa pamoja na nyumba yake. Siku moja jikoni, akiwa na sufuria ya tambi za mtu mmoja, Ardelio alitambua kwamba hakuna mtu aliye hai, ila mmoja ambaye hakutaka kumfikiria, anayejua kuwa yeye alikuwa kwenye boti ile. Alitaka jina lake liandikwe. Katika maisha yake yote sijui kama aliwahi kutaka kitu kingine kwa sauti.

Alivaa tai, akaenda kumwona katibu wa klabu, binti anayeitwa Ginevra.

"Mzee wangu, nafasi za mafundi ni kumi na moja," alisema Ginevra, "na mpaka leo nimepokea maombi thelathini na sita. Juzi alikuja mmoja aliyezaliwa 1959. Kwa hiyo kamati imeweka masharti. Uje na shahidi aliyekuwa kwenye boti nyingine, na mwandike jambo moja ambalo nyote wawili mliliona kule baharini. Moja tu, lakini liwe lenu."

"Na kama mashahidi wamekufa?"

"Hilo ndilo tatizo la historia," Ginevra alisema, kwa upole kabisa.

Hawakuwa wamekufa wote. Alibaki mmoja, Duilio Barsanti, fundi wa Wakili Matteoni, naye alikuwa kwenye nyumba ya wazee ya masista, juu milimani nyuma ya Camaiore. Ardelio alijua hivyo kwa sababu kwa miaka hamsini na moja alikuwa akifuatilia mahali alipo Duilio, ili asipite hapo.

Chanzo cha hilo ni mlo. Jioni ya mbio, klabu iliwapa chakula washiriki wote: meza ya waheshimiwa dirishani, meza ya mafundi karibu na jiko. Mwamuzi mmoja, aliyekuwa ameshinda siku nzima kwenye boti iliyotiwa nanga Capraia kama alama ya kugeuzia, alikaa na mafundi kwa sababu kulikuwa na joto na alikuwa bado anatetemeka. Akawa anasimulia taabu zake. Orodha yake ya namba ililowa hadi ikawa uji, akasema, na kamati, yenye njaa, imeamua kwamba kila aliyerudi alikuwa amekwenda. Halafu akaongeza, "Na ile boti nyeupe tuliyowatangazia haikuwasha injini. Tumekaa kutwa kwenye mashua ya bluu ya mvuvi wa dagaa."

Ardelio aliinua macho kutoka kwenye supu. Upande wa pili wa meza, Duilio naye aliinua. Kisha wote wawili wakarudi kwenye supu zao.

Kwa sababu asubuhi ile, katika ukungu mwembamba, Mhandisi aliongoza, na Ardelio akiwa na dira aliona boti nyeupe na kumwonyesha. Waliizunguka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye boti hiyo alikuwa akikung'uta kitambaa cha meza chenye miraba myekundu, nao wakadhani ni bendera ya mwamuzi, wakampungia mkono. Wakati wanageuka walipishana na boti ya Matteoni, karibu kiasi cha kuonana nyuso, nayo ikaizunguka boti ileile. Kila fundi mwenye dira mkononi hujiambia kwamba anayetangulia lazima ana sababu. Alama halisi ilikuwa kilomita tatu mbele. Boti ya tatu ilifika dakika tisa baada yao.

Madereva hawakuwahi kujua, walikufa washindi. Mafundi wawili walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Hakuna urafiki unaostahimili jambo hilo, na uadui wake pia hauna pa kuanzia. Walipokutana njiani, mmoja alivuka barabara. Baadaye walipanga zamu za baa: Duilio asubuhi, Ardelio alasiri, bila kuambiana neno.

Sasa Ardelio alipanda basi la Camaiore na fomu mfukoni. Duilio alikuwa kwenye kiti barazani, amefunikwa blanketi, uso umeelekea bahari ambayo kutoka pale haionekani.

"Umezeeka," Duilio alisema.

"Wewe je?"

"Mimi niko hapa kwa ajili ya chakula."

Ardelio akaeleza shida yake. Duilio alisoma fomu, akaisoma tena, akacheka kwa pua.

"Jambo tuliloliona wote wawili."

"Moja tu."

"Andika uliniona natapika."

"Nimeshauliza. Thelathini na sita wote walitapika."

"Andika pomboo."

"Wote waliona pomboo. Tito aliona nyangumi."

"Basi tutunge."

"Tunga wewe. Mimi sijawahi kutunga hata mawimbi."

Sista Pierina alileta chai ya maua na biskuti mbili, akaondoka. Katika saa zile nne, kati ya boti ya Bonuccelli na boti ya Matteoni, kitu walichokiona pamoja kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mahali ambapo hawakutakiwa kuwa.

"Miaka hamsini na moja nimenyamaza kwa ajili yako," Duilio alisema hatimaye.

"Kwa ajili yangu? Mimi nilinyamaza kwa ajili yako."

"Sikukuomba."

"Mimi nilikuomba?"

"Dira ilikuwa mkononi mwako, bwana wewe."

"Na yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakutazama wewe," Duilio alisema. "Nikasema, Giusfredi hakosei."

Ardelio alichukua biskuti yake, akaivunja, akaiacha sahanini. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo lililomwuma: hakuna aliyewahi kumsifu hivyo, na sifa yenyewe ilikuwa imekaa nusu karne ndani ya mtu aliyekuwa akivuka barabara.

"Wewe jina lako hulitaki kwenye bamba?" akauliza.

"Binti yangu yuko Torino. Hajawahi kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani." Duilio akavuta blanketi. "Nalitaka. Lete kalamu."

Waliandika yote: ukungu, boti nyeupe, mama, miraba myekundu, kilomita tatu. Duilio aliongeza kwa mkono wake kwamba mama yule alikuwa amevaa kofia ya majani, na Ardelio, ambaye alikuwa ameisahau kofia hiyo, aliiona palepale. Wakatia sahihi.

Jibu la klabu lilikuja baada ya wiki tatu, ukurasa mmoja wenye heshima nyingi. Kamati ilikuwa imetafuta, na ilimpata mjukuu wa mama yule huko Livorno, mwenye picha ya boti nyeupe, na kofia. Kwa hiyo kamati haikuwa na shaka hata kidogo kwamba Bwana Giusfredi na Bwana Barsanti walikuwa baharini siku ile. Kwa masikitiko, na kwa sababu hiyohiyo, matokeo ya boti zao yalikuwa yamefutwa. Bamba lingebeba majina ya boti tisa zilizozunguka alama. Kwenye mojawapo ya nafasi mbili za fundi ambazo hazikupata mwenyewe, kamati ilimkubali Tito wa baa ya Loriana, kwa ushahidi wa msimulizi mwingine wa baani.

Ardelio alisoma barua hiyo akiwa amesimama. Kisha akapiga simu Camaiore. Sista alimpeleka Duilio kwenye simu taratibu. Ilisikika miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Wametufuta," Ardelio alisema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Lakini wamekubali tulikuwepo?"

"Wamekubali. Wameandika."

"Nisomee hapo."

Akamsomea. Duilio aliomba arudie sentensi ile ya kutokuwa na shaka, akairudia.

"Utakuja Alhamisi?" Duilio aliuliza. "Lete barua."

"Nitakuja."

Alhamisi alipofika na barua mfukoni, Sista Pierina alimpokea mlangoni. Binti wa Duilio alikuwa amekuja Jumanne na gari, amemhamishia baba kwenye nyumba nyingine, karibu na Torino, ambako huduma ni bora. Hakuacha namba. Sista alimkaribisha chai, kwa kuwa basi la kurudi lilikuwa bado saa moja na nusu. Ardelio aliketi barazani, akaifungua barua magotini, akasoma mpaka basi lilipokuja.