Sentimita Mbili za Goti

Mke wangu haamini futi ya mtu mwingine. Ni fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita sasa, na ukimwambia kiuno chako ni themanini atakusikiliza kwa adabu, kisha atavuta futi yake shingoni akupime mwenyewe. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kimepakana na chake. Nusu ya maisha yangu nimemsikia akibishana na viuno vya watu.

Goti lilimharibikia kwenye ngazi za duka la vitambaa. Alikuwa amebeba jora zima, akakanyaga pembeni, goti likapinda upande ambao Mungu hakulipangia. Kano la ndani likakatika. Madaktari walisema watampasua na kumtengenezea kano jingine kwa kipande watakachokitoa nyuma ya paja lake mwenyewe.

"Kiraka," alisema. "Hicho nakielewa."

Kabla ya upasuaji walimwomba aingie kwenye jaribio la vidonge vipya vya kupunguza uvimbe na maumivu. Nusu ya wagonjwa wangepewa vidonge hivyo, na nusu vinavyofanana navyo lakini havina kitu ndani. Wote wangeendelea kupata dawa ya kawaida ya maumivu. Nani kapewa kipi, asingejua mgonjwa wala daktari mpaka mwisho. Alitia saini, kisha akajuta njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Daktari mwenyewe hajui anachonipa. Na wewe unaona sawa?"

"Ndivyo majaribio yalivyo, mama watoto."

"Wamekuhonga nini?"

Baada ya upasuaji, kidonge cha kwanza alikiuma katikati, akakionja, akasema ni chaki. Cha pili kilikuwa kichungu, akasema wamebadilisha. Nilipocheka alihamisha kichupa, akakificha kwenye kopo la vifungo, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haja nacho.

Kila wiki tulirudi kliniki kupimwa goti. Aliyepima alikuwa muuguzi mmoja, binti mchangamfu aliyeajiriwa kwa mkataba wa jaribio hilo tu. Alimwita mke wangu mama, alimshika mguu kana kwamba ameshika yai, na walikuwa wameshakubaliana kwamba goti likipona, mama atamshonea gauni la harusi. Walichora hata mikono ya gauni hilo nyuma ya karatasi ya dawa.

Lakini mke wangu naye alikuwa akijipima. Kila asubuhi, kabla ya chai, alizungusha futi kwenye goti na kuandika katika daftari lake la vipimo vya wateja. Ukurasa ule aliuandika juu "Goti". Wiki ya pili muuguzi alisema arobaini na nne, daftari likasema arobaini na sita. Wiki ya tatu muuguzi arobaini na mbili, daftari arobaini na nne.

"Wananipunja mbili," aliniambia tukiwa bado kwenye korido. "Kila wiki mbili zile zile. Wanataka dawa yao ionekane inafanya kazi."

"Labda futi zinatofautiana."

"Futi ni futi."

Nakiri kwamba na mimi nilianza kumtazama yule binti kwa jicho la pembeni. Kicheko chake kikaanza kuniudhi. Nilijiuliza kwa nini anaandika haraka vile, na kwa nini karatasi anaigeuza upande wake. Shaka ikishaingia kichwani haikosi pa kukaa, na mimi ni mume. Ningemwamini nani kabla ya mke wangu?

Wiki ya nne, muuguzi aliposema arobaini na moja, mke wangu alifungua daftari mbele ya wagonjwa wote. "Arobaini na tatu! Mwanangu, unapika hesabu."

Daktari mkuu wa jaribio akaja, akalisoma daftari, akarudia kulisoma. Tarehe zote zilikuwepo, kwa mwandiko safi, na tofauti ilikuwa ileile kila mara. Alimwondoa binti kwenye kazi siku hiyohiyo, akaagiza magoti yote yapimwe upya. Nilimwona binti akitoka na mkoba wake, hakumtazama mtu. Watu walinong'ona kwamba mkataba wake ndio basi.

Siku kumi baadaye tuliitwa. Daktari alikuwepo, na binti alikuwa amesimama ukutani, macho yamemvimba. Magoti ya wengine hayakuonyesha kosa lolote. Daktari akamwomba mke wangu ajipime kama anavyojipima nyumbani.

Alinyoosha mguu. Akazungusha futi, na kabla ya kuzikutanisha ncha, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaingia chini ya futi. Mimi niliviona, na sikuona ajabu. Ndivyo anavyopima kila kiuno na kila kifua, aache nafasi ya kupumua.

"Mama," binti alisema taratibu, "vidole."

Mke wangu akavitazama. Akavitoa, akakaza futi, na nambari ikashuka mbili. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia, na nusu yake ilikuwa yangu.

"Nimekukosea, mwanangu."

"Yameisha, mama."

Binti alirudishiwa kazi yake. Wiki iliyofuata alipima goti la mke wangu, akageuza karatasi. "Soma mwenyewe, kisha weka saini hapa." Akasubiri saini. Kisha akamwita shahidi, mfagiaji wa korido, naye akaweka yake. Kila mgonjwa sasa ndivyo anavyofanyiwa, na sikumsikia akicheka na hata mmoja.

Goti lilikuwa limebaki thelathini na tisa. Mguu ulikuwa umesharudi kwenye pedali, taratibu. Kama vidonge vilikuwa dawa au chaki hatujui mpaka leo, na ajabu ni kwamba mke wangu haulizi tena.

Alipokuwa akivaa kiatu alisema, kama anayekumbuka kitu kidogo, "Na lile gauni? Njoo basi nikupime."

Binti alikuwa akikunja futi yake, aliikunja mpaka mwisho.

"Nilishapata fundi mwingine," akasema.