Lenzi Isiyoona Viatu

Siku ile kwenye studio ya picha ya mtaa wa Mchafukoge tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu wawili na mpiga picha, mzee tuliyemwita ami. Kila ninaponunua lenzi kuukuu ya kamera, harufu yake ya mafuta na ukungu hunirudisha pale.

Wazazi walishafariki, nami nilishaacha shule. Jumapili mjomba angemchukua kitinda mimba wetu kwenda kijiji cha ujamaa. Nilitaka tubaki pamoja, japo kwenye karatasi.

Wadogo niliwatafutia viatu. Mimi nilikuwa pekupeku. Ami alipochungulia kwenye kamera, kitinda mimba akapayuka, “Ami, dada hana viatu! Ataharibu picha!”

Nilikunja vidole vya miguu, nikainamia sakafu.

Ami hakucheka. Alifungua lenzi, akafunga nyingine ndefu, akaizungusha polepole kwa vidole. “Hii haioni viatu,” alisema. “Inaona nyuso tu. Haya, inua uso, binti.”

Nikainua.

Nilipoifuata picha, niliinyakua mkononi mwake nikatoka mbio, bila hata kumtazama. Hela yake nilishalipa. Asante ndiyo ninayodaiwa mpaka leo.