Jina la Mama Yake Rashwan

Rashwan, mume wangu, ni fundi majiko hapa Sohag, Misri, na ni mkaidi wa kuzaliwa. Kwao mwanamume hataji jina la mama yake mbele ya watu, ni aibu. Hata mimi hajawahi kuniita Nagat barabarani. Mimi ni Mama Hamdi, basi.

Sasa benki, kila ukienda, inakuuliza jina la mama mzazi kabla ya kukuhudumia. Rashwan aliulizwa mara moja dirishani, foleni nzima ikisikiliza. Akarudi amenuna, akaapa hakanyagi tena pale. Na pesa za kupasuliwa macho yangu ziko humo humo! Jicho la kulia limeshaziba kwa mtoto wa jicho, la kushoto linafuata.

Ndipo ikaingia barua pepe kwenye simu yake, ina nembo ya benki. Mteja mpendwa, thibitisha akaunti yako leo hii, la sivyo itafungwa; huna haja ya kufika tawini. Bonyeza hapa, uandike jina la mama, namba ya kadi na namba ya siri. Bwana wee, alivyofurahi! Kuandika si kutamka. Akajaza kila kitu, asimwambie mtu.

Nilijua simu ilipoanza kulia, ujumbe wa pesa kutoka, mmoja baada ya mwingine. Nikamburuta hadi benki. Binti wa dirishani akaisoma ile barua, akatueleza kwamba benki wanalo jina lake, hawamwiti mteja mpendwa. Anwani iliyoituma si ya kwao, na namba ya siri hawamuulizi mtu.

"Niifunge akaunti sasa hivi," akasema. "Jina la mama mzazi?"

Simu inalia mfukoni, pesa zangu zinakwenda, Rashwan anatazama viatu.

"Zannuba," nikasema, mpaka walio mlangoni wakasikia. "Zannuba binti Abdel-Aal."

Akaunti ikafungwa. Kilichobaki kinatosha jicho moja.

Njiani hakugusia pesa hata kidogo. "Umemtaja mama yangu mbele ya watu," akaniambia.

"Mwizi umempa jina lake wewe mwenyewe, kwa mkono wako," nikamjibu. "Mimi nimelitaja nipate kuona. Haya, baba Hamdi, chagua: la kulia au la kushoto?"