Siku Nilipokuwa Jaji wa Mashindano ya Ndege

Jamani, kisa hiki huwa sikipendi, kwa sababu pale Matonge, mtaa wetu Wakongo huku Brussels, kuna watu mpaka leo wananiita Jaji na wakiniita hivyo wanachekea pembeni, basi bora mkisikie kwangu mimi mwenyewe niliyejitia aibu.

Miaka ya tisini nilikuwa namtunza mzee mmoja Mbelgiji huko Ganshoren, pembeni mwa mji, Papa Armand, aliyemaliza ujana wake Bukavu na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Baba yake alikuwa rubani wa yale mashindano ya ndege ya kati ya vita vikuu viwili, Waingereza, Wafaransa na Waitaliano wanakutana uwanjani, wanazunguka nguzo ndefu kwa kasi ya ajabu, na mji mzima umekuja kutazama. Huyo baba hakushinda hata mara moja. Sasa Papa Armand alikuwa ametengeneza mfano wa ndege ile ile, wa mbao, unaruka kwa rimoti, majira mawili ya baridi kwenye meza ya jikoni (mimi nikila nimesimama), maana chama cha wazee wenzake kiliandaa kila kiangazi mashindano kama yale ya zamani. Alitaka ndege ya baba yake ishinde, na alitaka ishinde mwaka ule, kwa sababu macho yalikuwa yanamwisha.

Wakakosa mtu wa kusimama nguzo ya mbali. Kazi yenyewe rahisi, unashika bendera nyekundu, rubani akikata kona kwa kupita upande wa ndani wa nguzo unaiinua, basi, ametolewa. Nikakubali, na hapo sikukosea. Nilikosea Jumapili baada ya ibada, nilipowaambia akina mama wa kwaya kwamba nimeteuliwa jaji wa mashindano ya ndege ya kimataifa (walikuja Waholanzi wawili, si kimataifa hiyo?), nisitaje kwamba ndege zenyewe unaweza kuzibeba kwapani.

Siku ikafika. Mzunguko wa mwisho, Papa Armand anaongoza, ndege yake inapita nje ya nguzo yangu safi kabisa, ndipo nikasikia nyuma ya uzio, "Deo! Mutoto yangu!" Alikuwa Maman Vero, mkubwa wa kwaya, amevaa kitenge cha sikukuu, na wenzake wawili. Sasa wewe uliyelelewa Bukavu, mama wa umri wa mama yako anakuita mbele za watu, utakaa kimya? Nikageuka, nikainua mkono juu kumsalimia. Mkono wenye bendera.

Filimbi ikalia. Papa Armand akanitazama mimi badala ya kuitazama ndege, na ndege ikaenda kujichimbia kwenye kabichi za jirani.

Mkuu wa waamuzi akaja mbio, akaniuliza kwa Kifaransa kama nimeona kosa. Ningesema ukweli yangeisha, lakini watu wote wananitazama, na mimi ndiye jaji, nikajibu kwamba ndiyo, alikata kidogo. Maman Vero hakuningoja. Akawaeleza wale wazee, kwa sauti kubwa kama yuko saluni, kwamba kijana alikuwa anamsalimia yeye, halafu akanigeukia, akivionyesha vile videge kwa kidole, "Bon, Deo, na ndege? Njo hizi?" Uwanja mzima ukacheka, na Mholanzi mmoja akachukua kombe.

Tulirudi nyumbani na vipande kwenye sanduku. Papa Armand akaliweka juu ya meza ya jikoni, akalifungua.

"Deo, nilikata ile poto, ile nguzo yako?"

"Hapana, papa. Ulipita muzuri. Unisamehe."

Akashika bawa lililovunjika.

"Baba yangu njo hivi walimutoaka, mbele ya batu bote. Alisemaka mpaka kufa asema hakukata. Siye batoto tulikuwa tunamucheka."

Alilia, na mimi kwa kukosa la kufanya nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Tangu siku ile, nikiwa na kitu chochote mkononi, hata mkate, nasalimia kwa kichwa tu. Akina mama wanasema Ulaya imenitia maringo. Waseme.