Nyakoi Ndani ya Simu

Juzi hapa mjini Awendo, binti yangu aliniwekea simu usoni. Mwalimu wao wa sanaa amewaambia watazame video za wachoraji wa Marekani, wale wanaokaa nje na turubai zao wakichora milima na maji. Ijumaa atawavusha kwa mashua kutoka Homa Bay hadi kisiwani, nao wachore ziwa letu. "Mama, cheki huyu mzee," akasema. Mzee wa kofia alikuwa akichora ziwa, na katikati akavuta mstari mweusi, mwembamba chini, mnene juu, mpaka mawinguni. Eti kitu hicho alikisubiri siku nzima kwa sababu ni kizuri. Kizuri!

Wewe uliyekulia ufuoni Homa Bay huhitaji kuambiwa. Ile ni nyakoi, maji yanayosimama wima yakizunguka na kumeza mashua na watu wake. Kwetu haikuchorwa. Ilipigiwa kelele ili iende zake.

Nakumbuka mchana mmoja tukianua omena, vile visamaki vya ziwani, kabla ya mvua, nyanya akinigombeza kwamba nakula nyingi kuliko ninazookota. Mama alikuwa ziwani, akirudi na mashua ya abiria kutoka soko la kisiwani. Ghafla nyanya akaelekeza kidole ziwani. Nikainua macho, nikaiona imesimama kati yetu na kisiwa. Nilijikojolea, na sioni haya kusema.

"Leta sufuria!" nyanya alipaza sauti. "Piga, usinyamaze! Ukinyamaza itageukia mashua."

Nilipiga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani akajibu kwa debe, mwingine kwa karai, kengele ya kanisa nayo ikaingia. Mvua ikashuka ikafunika kila kitu, ziwa lisionekane tena. Nilipiga huku nalia, maana niliamini nikipumzika kidogo tu, mama amekwisha.

Jioni aliingia amelowa chapachapa, kandambili moja tu mguuni. Alisema kwenye ile mvua hawakuona hata ncha ya mashua, na nahodha alifuata kelele zetu hadi nchi kavu. Nyanya alimwambia, "Kula kwanza," kisha akaenda nyuma ya jiko kulia.

Wote wawili tumeshawazika. Ufuo wetu sasa ni kuta na mageti, na mvua ikija kila mtu hufunga dirisha na kuongeza sauti ya runinga.

Binti yangu alirudisha video mwanzo. Mstari ule ulipoanza kupanda tena, nilijikuta nimeshika kijiko, nagonga sufuria ya chai. Akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Nilitulia nikasikiliza. Hakuna jirani aliyejibu.

Nilimkataza kwenda, akalia, nikakubali. Lakini usingizi sina. Ijumaa nitapanda gari mapema, nitakaa pale ufuoni na sufuria yangu mapajani mpaka ile mashua irudi. Wacha wanicheke.